Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya gridi: jaribuni kuwasha kutoka gizani

Waheshimiwa mawaziri wa nishati, wakurugenzi wa mashirika ya umeme, na ninyi mlio kwenye mamlaka za udhibiti,

YAH: KUWASHA MITAMBO NA KUOANISHA JENERETA BAADA YA GRIDI NZIMA KUZIMIKA

Nimefanya kazi ya zamu kwenye mitambo ya kufua umeme kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya miaka hiyo kwenye kituo cha maji. Nawaandikia kwa ajili ya jambo moja. Kila gridi ina mpango wa kujiwasha upya endapo itazimika yote. Mpango umechapwa, umetiwa saini, umo kabatini. Naomba ujaribiwe kwa vitendo: kuanzia kwenye betri za kituo cha kwanza hadi jenereta ya pili inapoungana na ya kwanza, kwenye nyaya zisizo na umeme, swichi zikiwa mikononi mwa watu wa zamu wenyewe. Kuwasha jenereta ya dizeli ya akiba dakika kumi na tano kila mwezi na kuweka alama ya tiki kwenye fomu hakutoshi, na nitaeleza kwa nini nina uhakika na hilo.

Kwanza mniruhusu niseme jambo ambalo mafundi wanalijua lakini halifiki kwenye vikao vyenu. Kituo cha umeme chenyewe ni mteja wa umeme. Kituo cha makaa ya mawe kina pampu za kusukuma maji ndani ya boila, feni za kupuliza hewa na za kuvuta moshi, vinu vya kusaga makaa, pampu za maji ya kupozea, na vyote hivyo vinaendeshwa na mota. Mahitaji hayo ya ndani hufikia asilimia 5 na wakati mwingine hukaribia 10 ya umeme wote ambao kituo kinafua. Gridi ikizimika, mota hizo zinazimika nayo. Kituo kinabaki na turbini yenye tani nyingi za chuma, ya moto, ikiendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki, na kinachoilinda ni pampu moja ya mafuta ya kulainisha inayopata umeme wa betri. Betri ikishindwa, beringi zinaungua. Turbini ikishasimama, shafti yake lazima iendelee kuzungushwa polepole kwa saa nyingi, la sivyo itapinda inavyopoa na kituo hakitawaka hata gridi ikirudi.

Haya yamewahi kutokea. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1965, watu wapatao milioni 30 wa kaskazini-mashariki mwa Marekani na jimbo la Ontario walipokosa umeme, mashine kubwa ya kituo cha Ravenswood jijini New York, yenye uwezo wa megawati 1,000, iliharibika beringi kwa sababu pampu zake za mafuta zilikosa umeme. Mashine ile haikuwa na hitilafu yoyote. Iliumizwa na giza lenyewe.

Miaka 38 baadaye, tarehe 14 Agosti 2003, eneo hilohilo lilizimika tena. Jenereta 508 kwenye vituo 265 zilitoka kwenye gridi, na watu takriban milioni 50 wakabaki bila umeme. Fikirini maana ya idadi hiyo kwa mtu aliye zamu: vituo 265, na karibu vyote vinamsubiri mwingine awape umeme wa kuanzia. Vile vya nyuklia vina shida ya ziada, maana riakta ikizimwa ghafla hujikusanyia ndani yake gesi ya zenoni inayomeza nyutroni, zile chembe zinazoifanya riakta iwake, na riakta za aina inayotumika Ontario zikishapitwa na muda mfupi wa mwanzo hulazimika kusubiri zaidi ya siku nzima. Siku ile riakta nne za Ontario zilifaulu kushusha nguvu bila kuzima kabisa, zikarudi kusaidia baada ya saa chache. Nyingine zilichukua siku kadhaa.

Kwa hiyo lazima awepo wa kwanza, anayeweza kuwaka bila kuomba umeme kwa yeyote. Mara nyingi ni kituo cha maji, kwa kuwa mahitaji yake ya ndani ni madogo sana: mafuta yenye shinikizo ya kufungulia milango ya maji, na umeme kidogo wa betri wa kuipa rota, sehemu ya jenereta inayozunguka, usumaku wa kuanzia. Wakati mwingine ni turbini ndogo ya gesi inayoamshwa na dizeli. Kituo hicho kinawaka peke yake, kinapeleka umeme kwenye laini iliyo mfu hadi kituo cha jirani, cha jirani kinawasha pampu zake, jenereta yake inaoanishwa na ya kwanza, na hapo ndipo gridi inaanza kuzaliwa upya. Ukiusoma kwenye karatasi ni mnyororo mwepesi. Kila pete ya mnyororo huo ina mahali pake pa kukatikia.

Niwasimulie tulipokatikia sisi. Sitataja kituo wala shirika. Waliokuwapo walifanya kazi kwa moyo wote, na kosa lile lingeweza kutokea popote.

Gridi ilizimika saa nane usiku na ushei. Ninachokumbuka kwanza ni sauti kushuka: mashine nne zikipoteza mwendo moja baada ya nyingine, halafu kimya, kimya ambacho mtu aliyezoea kituo cha umeme hakijui. Kituo chetu ndicho kilichoandikwa kwenye mpango kuwa cha kwanza kuwaka. Dizeli iliitika mara moja, kama ilivyoitika kila mwezi. Mafuta yakapata shinikizo, milango ya maji ikafunguka, mashine namba moja ikapanda hadi mwendo wake, volteji ikasimama barabara. Hazikupita dakika 25 tangu giza kuingia tukawa na jenereta nzima inazunguka, inasubiri. Kilichobaki kilikuwa kufunga breka yake, ile swichi kubwa inayoiunganisha, ili umeme uingie kwenye basibaa, vile vyuma vikuu vinavyokusanya umeme wa mashine zote za kituo.

Breka ilikataa.

Kati ya swichi ya mwendeshaji na breka kuna rilei ya ukaguzi. Kazi yake ni kulinganisha umeme wa jenereta na ule wa basibaa, na kuzuia breka isifunge mpaka pande zote mbili ziwe zimeoana. Usiku ule upande wa basibaa haukuwa na umeme wowote wa kulinganisha, kwa hiyo rilei ilifanya ilichoagizwa: ikazuia. Waliosanifu kituo walilijua hilo. Waliweka swichi ya ufunguo ya kuiambia rilei kwamba upande wa pili ni mfu na iruhusu. Tukageuza ufunguo. Kimya. Tukarudia. Kimya.

Miaka miwili kabla ya usiku ule paneli ilikuwa imebadilishwa, na waya wa ile swichi ya ufunguo haukuunganishwa. Katika miaka hiyo miwili tulifanya majaribio ya kila mwezi bila kukosa, na yote yaliandikwa kuwa yamefaulu. Yalifaulu kwa sababu kila tulipojaribu, basibaa ilikuwa na umeme wa gridi, na ile swichi haikuhitajika. Tulikuwa tunajaribu kila kitu isipokuwa hali yenyewe ambayo kituo kilipewa jukumu la kuikabili.

Tulikaa saa moja na dakika hamsini na tochi, michoro imetandazwa sakafuni, wakati vituo vingine vikimaliza betri zao vikitusubiri. Mwishowe mkuu wa zamu aliamuru waya ufungwe moja kwa moja kupita juu ya viunganishi vya rilei ya ukaguzi. Breka ikafunga. Taa zikawaka. Watu wazima walikumbatiana.

Na hapo, bila yeyote kulifikiria, tukawa tumetengeneza hatari kubwa kuliko giza. Paneli ile ya kuoanisha ilikuwa moja kwa mashine zote nne. Waya ule ulibaki pale.

Kabla sijaendelea, nieleze kuoanisha ni nini, maana najua barua hii itasomwa na watu wa fedha na wa sheria pia. Jenereta mbili zinazounganishwa lazima ziwe kama watu wawili wanaobeba mzigo mmoja begani: mwendo uleule, mguu uleule, kimo kilekile. Volteji zilingane. Frikwensi zilingane, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, 50 au 60 kutegemea gridi. Na mawimbi yapande na kushuka kwa wakati mmoja. Mwendeshaji analisoma hilo kwenye sinkroskopu, kifaa chenye mshale unaozunguka kama wa saa. Mshale ukizunguka upande wa kulia, jenereta inayokuja ina kasi inayozidi kidogo ile ya gridi. Ukiwa juu kabisa, mawimbi yameoana. Ukiwa chini kabisa, yamepingana. Anautuliza mshale hadi mzunguko mmoja uchukue sekunde kama 15 au zaidi, kisha anafunga muda mfupi tu kabla haujafika juu, kwa kuwa breka yenyewe inahitaji karibu sehemu ya kumi ya sekunde kufunga. Kwenye siku ya kawaida kuna kifaa kinachofanya yote hayo chenyewe, na gridi ni kubwa na imetulia, haitikisiki. Kwenye gridi inayozaliwa upya, jenereta ya kwanza iko peke yake. Kila mzigo unaoongezwa unaifanya ipungue mwendo, kila mzigo unaotoka unaifanya ikimbie, na mshale unacheza kulia na kushoto kama kitu chenye homa.

Basi kijana aliyekuwa na zamu nasi, mwenye akili na bidii, alikuwa ameoanisha mashine mara nyingi sana, zote kwa kifaa cha kujiendesha. Kwa mkono hajawahi. Akaambiwa aunganishe mashine namba mbili. Mshale ulikuwa unakimbia. Alikwisha kuzungusha swichi nusu ya safari yake nilipoona mshale unapita chini, upande wa kupingana, nikamshika kiganja. Baadaye tukiwa nje tunakunywa maji aliniambia, mikono yake ikiwa bado inatetemeka: "Nilijua nikikosea rilei itanikatalia." Alikuwa sahihi kuiamini. Hakuna aliyemwambia kwamba tumeiondoa.

Mashine ikiunganishwa mawimbi yakiwa yamepingana, gridi inaivuta ilingane nayo kwa nguvu, papo hapo. Shafti inapata msokoto unaozidi mara kadhaa ule wa kazi ya kawaida, nyaya za ndani ya jenereta zinarukaruka, mkondo unapanda kupita kiasi. Mwaka 2007 maabara ya taifa ya Idaho, nchini Marekani, ilifanya jaribio la makusudi kwenye jenereta ya dizeli yenye uwezo wa megawati 2.25, kwa kufungua na kufunga breka yake nje ya wakati. Ilitikisika, vipande vikaruka, ikatoa moshi, ikafa. Mashine yetu namba mbili ilikuwa kubwa kuliko hiyo mara nyingi, na ilikuwa mojawapo ya matumaini mawili ya gridi nzima.

Ndiyo maana nasema jaribio ambalo halikufanywa kwenye basibaa mfu si jaribio. Na sisi hatukuwa wa ajabu. Jimbo la Australia Kusini lilizimika lote tarehe 28 Septemba 2016 baada ya dhoruba kuangusha minara ya laini kubwa. Vilikuwapo vituo viwili vyenye mkataba wa kulipwa kwa kazi hii hii ya kuwaka kutoka gizani. Kimoja kilishindwa kuamsha mashine yake kubwa kwa sababu ya mfuatano wa swichi uliotumika. Cha pili, jenereta yake ndogo ya dizeli iliharibika muda mfupi baada ya kuwaka. Umeme wa kuanzia ulipatikana kwa jirani, jimbo la Victoria, kupitia laini inayoyaunganisha majimbo hayo mawili. Texas mwezi Februari 2021 iliponea chupuchupu: ilibaki chini ya dakika tano gridi yake ianguke, na baadaye ikajulikana kwamba mitambo mingi iliyopewa mkataba wa kuiamsha nayo ilikuwa imekumbwa na hitilafu katika baridi ileile. Gridi ile ina uhusiano mdogo sana na majirani zake. Nani angewapa umeme wa kuanzia?

Jirani ni neema, sikatai. Tarehe 28 Aprili 2025 Hispania na Ureno zilipozimika mchana, umeme wa kuanzia wa Hispania ulipitia laini za Ufaransa na Moroko huku vituo vya maji vikijiwasha ndani. Ureno ilianza na vituo vyake viwili vilivyoandaliwa kwa kazi hiyo, cha maji cha Castelo de Bode na cha gesi cha Tapada do Outeiro, na ikawa imerudisha karibu wateja wote kabla usiku haujaenda mbali. Hispania ilikamilisha mtandao wake mkuu alfajiri ya siku ya pili. Hivyo vituo viwili vya Ureno viliitwa, na hatimaye vikawaka. Hilo ndilo naomba: viitwe vituo vyenu leo, siku ambayo hakuna anayeumia, tuone kama vitaitika.

Jaribio lenyewe ninalolifikiria liko hivi. Chagueni usiku ambao matumizi ni madogo. Tengeni basibaa moja ya kituo cha kwanza na laini moja hadi kituo cha pili, gridi iliyobaki iendelee kuhudumia watu kama kawaida. Zimeni kila umeme wa nje kwenye sehemu hiyo, hata wa taa za chumba cha udhibiti. Kisha waacheni watu wa zamu waanze, bila wahandisi wa makao makuu kusimama mabegani mwao wakiwanong'oneza. Wawashe, wafunge breka kwenye nyaya mfu, wapeleke umeme kwenye laini hadi kituo cha pili, waanzishe pampu kubwa kuliko zote za kituo hicho, waamshe jenereta yake, waioanishe na ya kwanza kwa mkono. Mwisho waoanishe kisiwa hicho kidogo na gridi kubwa. Pale pampu kubwa itakapoanza mtajua kama jenereta ya kwanza ina kifua cha kubeba. Kwenye makaratasi yote huwa inacho.

Laini nayo itawafundisha mambo. Laini ndefu ya msongo mkubwa ikiwa haina mzigo, volteji ya mwisho wake hupanda kuliko ya mwanzo wake. Nimewahi kuona mafundi wazoefu wakikataa kuamini mita zao. Jenereta moja ndogo ikiunganishwa na laini ndefu mno inaweza kupoteza udhibiti wa volteji yake kabisa, na transfoma zilizoko njiani zikavuta mkondo mkubwa mara tu zinapoguswa na umeme. Dawa zinajulikana: kuanza na volteji ya chini, kutia umeme kwenye laini fupi kwanza, kuongeza mzigo kidogo upande wa pili mapema. Ila kipimo cha dawa ni cha kila gridi na laini zake, na hakipatikani kwa kunakili mpango wa nchi nyingine na kubadilisha majina ya vituo, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu.

Halafu kuna wateja. Eneo lililokaa gizani saa sita halirudi na mzigo uleule lililoondoka nao. Majokofu yote yamepata joto, viyoyozi vyote vinataka kuanza, matangi ya maji yote ni matupu, na kila mota inaomba umeme dakika ileile. Mzigo unaweza kuwa maradufu ya kawaida au zaidi. Ndiyo maana waendeshaji wengi hushika kanuni kwamba kila kipande cha wateja wanachokirudisha kisizidi asilimia 5 ya uwezo wa mashine zilizokwisha kuungana. Anayevunja kanuni hiyo kwa haraka huanguka tena, na safari ya pili huanzwa na betri zilizochoka.

Betri zenyewe, na hapa nitasema kwa kifupi kwa kuwa ni suala la fedha tu: vituo vya kupozea umeme vinafungua na kufunga breka kwa betri, na nyingi zimepangwa kwa saa chache. Saa hizo zikiisha, kituo kinakuwa kipofu na kiziwi, lazima mtu apelekwe kwa gari. Simu za mkononi nazo huzimika minara inapomaliza akiba yake. Redio za shirika lenyewe, zenye betri zake, si anasa. Mtu wa kisiwa kimoja hawezi kuoanisha na kisiwa kingine bila kuongea na mwenzake upande wa pili, amwambie apunguze mwendo kidogo, asubiri, asome mshale, aombe tena.

Najua mtaniuliza kuhusu jua, upepo na betri kubwa, kwa kuwa ndizo mnazinunua sasa. Vyote hivyo huungana na gridi kwa inverta, vifaa vinavyougeuza umeme wao uwe wa mawimbi kama wa gridi, na inverta nyingi zilizopo hufuata wimbi linalokuwapo tayari. Gizani hazina cha kufuata, kwa hiyo zinakaa kimya hata jua likiwa la utosi. Zipo nyingine zinazoweza kuunda wimbi zenyewe. Mwaka 2017 huko El Centro, California, betri ya megawati 33 iliamsha turbini ya gesi ya megawati 44 iliyokuwa imezimwa. Mwaka 2020 shamba la upepo la Dersalloch, Scotland, lilitumika kuamsha sehemu ya gridi. Basi mkataba wa betri unapokuja mezani kwenu, ulizeni kama betri hiyo inaweza kuunda wimbi yenyewe kabla ya kuusaini, maana kubadilisha baadaye ni ghali. Lakini betri iliyonunuliwa na isiyojaribiwa itakuwa ileile dizeli yetu ya kila mwezi.

Kinachozuia majaribio haya, kwa uzoefu wangu, si gharama. Usiku mmoja wa kituo kimoja kutofua umeme kwa ajili ya soko unahesabika na unalipika. Kinachozuia ni hofu ya jibu. Meneja anayejua kwamba jaribio likishindwa ataitwa kujieleza atapanga jaribio ambalo haliwezi kushindwa. Nami naelewa, ana watoto, ana mkopo, ana miaka minne astaafu. Hofu hiyo inatoka kwenu na ni ninyi peke yenu mnaoweza kuiondoa. Andikeni kwenye kanuni kwamba jaribio lililoshindwa na kuripotiwa kikamilifu halina adhabu, na kwamba kituo kisichofanya jaribio kamili hakilipwi hata senti ya huduma hii. Na kila paneli, rilei au swichi inapobadilishwa kwenye njia ya kuamsha gridi, jaribio lirudiwe, hata kama lilifanyika mwezi uliopita. Waya wetu ulisahauliwa na mkandarasi mwenye uzoefu, ukakaguliwa na watu watatu, na wote watatu waliweka saini.

Wafundisheni waendeshaji kuoanisha kwa mkono. Si kwa picha za ukutani. Kila mmoja wao, angalau mara moja kwa mwaka, kwenye mashine halisi, akiwa na mzee wa zamu pembeni. Na iandikwe kwa herufi kubwa kwamba ulinzi wowote utakaoondolewa usiku wa dharura unatundikiwa kibao chekundu, unatangazwa kwa sauti kwa kila aliye chumbani, na unarudishwa kabla ya breka inayofuata kuguswa.

Jambo la mwisho linawahusu ninyi binafsi. Usiku ule simu ya meza ya zamu ililia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wengi waliopiga walikuwa watu wakubwa, na wote waliuliza swali moja: umeme utarudi lini katika sehemu fulani? Kila simu ilimwondoa mtu mmoja kwenye mita. Nilipomshika kijana kiganja, mkuu wa zamu alikuwa ametugeuzia mgongo sote wawili, anaongea na simu. Umeme wa kwanza hauendi kwa wateja wakubwa, wala hata hospitalini, ambako jenereta za akiba zinapaswa kushikilia. Unaenda kwenye vituo vingine vya umeme, bila hivyo hakuna atakayepata chochote. Waambieni wananchi hilo mapema, siku za amani, ili usiku wa giza msilazimike kuwatafutia majibu kutoka kwetu. Teueni mtu mmoja wa kuwapa taarifa, akae chumba kingine, awe na simu yake. Ile namba ya meza ya zamu ifuteni kwenye simu zenu.

Wenu katika kazi,
Mwendesha mitambo wa zamu